Maradhi ya Ukubwani Yanayoanza Utotoni

Mhadhara kwa wazazi, masheha na walimu wa skuli na vyuo vya Qur'ani, Chake Chake, Pemba

Assalamu alaikum wazee wangu, mama zangu, walimu wangu. Najua mada ya udhalilishaji wa watoto mshazoea kuletewa na askari au wakili. Mimi si mmoja wao. Nafanya kazi kliniki ya presha na sukari, na wengi wa wagonjwa wangu wamepindukia miaka arubaini. Kwa hiyo mtoto nitakayemzungumzia leo ana mvi.

Mwaka 1985, mjini San Diego, Marekani, daktari Vincent Felitti alikuwa na kliniki ya kupunguza unene. Watu wakipungua vizuri, halafu wanatoroka. Kilichomshangaza ni kwamba waliotoroka ni wale wale waliokuwa wakifanikiwa. Akaanza kuwaita mmoja mmoja na kuwauliza maisha yao tangu kuzaliwa. Wengi wakamtajia jambo ambalo hakufundishwa kuliuliza: waliingiliwa wakiwa watoto. Wengine wakamfahamisha kwamba ule unene ulikuwa unawalinda. Mwanamke mnene hatazamwi sana, na asipotazamwa anapata amani. Hebu fikirini: daktari anahangaika kumwondolea mtu kitu ambacho mwenyewe anakitegemea alale usingizi.

Felitti akaja kuungana na Robert Anda, wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa maradhi. Waliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000, na matokeo ya mwanzo yakatoka 1998. Maswali yenyewe yalikuwa ya kawaida: ulipokuwa mdogo ulipigwa mpaka ukaumia? Ulitukanwa na kudharauliwa? Uliingiliwa? Mama yako alikuwa akipigwa nawe unaona? Nyumbani alikuwepo mlevi? Waliokuwa wamepitia mambo manne au zaidi, ukiwalinganisha na wasiopitia hata moja, hatari yao ya ulevi, madawa ya kulevya, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa kubwa kwa mara 4 hadi 12. Mpaka hapo pengine hamshangai. Lakini maradhi ya moyo nayo yalipanda. Saratani, mapafu, ini, vyote vilipanda kadiri mambo hayo yalivyozidi kurundikana utotoni.

Na watu wenyewe hawakuwa mafukara. Wengi walikuwa wazungu wenye bima, wamesoma, wana kazi zao. Nalisema hili kwa makusudi, maana hapa hapa kisiwani nimeambiwa mara nyingi kwamba haya ni mambo ya nyumba za wenye shida.

Sasa mwilini inakuwaje? Mtu akiingiwa na hofu, mwili unamwaga homoni za hofu, adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, sukari inamiminwa kwenye damu apate nguvu ya kukimbia. Hofu ikiondoka, mambo yanatulia. Ndivyo Mwenyezi Mungu alivyotuumba, na ni neema. Tatizo ni mtoto ambaye anayemwogopa analala chumba cha pili. Huyo hatulii. Usiku akisikia mlango, mwili wake unajipanga upya. Miaka ikipita hivyo, na ubongo bado unakua, ile mitambo ya kupima hatari inazoea kukaa macho hata pale pasipo na hatari. Huko Nyuzilandi, katika mji wa Dunedin, wapo watu kiasi cha elfu moja waliozaliwa 1972 na 1973 ambao watafiti wamewafuatilia tangu utotoni. Walipofika miaka 32, waliotendewa vibaya udogoni walikutwa na dalili za uvimbe ndani ya damu zaidi ya wenzao. Si uvimbe wa kuuona kwa macho. Ni ule mwako wa chini chini unaoharibu mishipa ya moyo taratibu, mtu anapika, anavua, anakwenda harusini, hajui kitu.

Iko na njia nyengine, na hii mnaiona wenyewe mitaani. Mtu asiyepata utulivu huutafuta. Ataupata kwenye sigara, kwenye unga, kwenye chakula, kwenye ulevi wa kujificha. Sisi tunamwita muhuni, na huku hatujamuuliza alikuwa akitafuta nini.

Tuje kwetu. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa udhalilishaji wa watoto, na Zanzibar ikahesabiwa peke yake. Waliulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Hapa Visiwani, kiasi cha wasichana 6 katika kila 100 walisema walidhalilishwa kijinsia kabla ya miaka 18. Wavulana walikuwa kiasi cha 9 katika kila 100. Naona minong'ono huko nyuma. Ndiyo, mmesikia sawa, wavulana ndio waliokuwa wengi. Sisi mtoto wa kike tunamchunga, wa kiume tunasema atajua mwenyewe. Na hao ni waliothubutu kusema.

Kliniki anakuja mama. Moyo unamwenda mbio, mwili unamwaka, kichwa, tumbo, mgongo. Vipimo vyote safi. Keshazunguka spitali na kwa waganga, huku kaambiwa hana kitu, kule kaambiwa ana sheitani. Mimi leo sina ugomvi na waganga. Ugomvi wangu ni na sisi matabibu tunaomwandikia panado na kumwita anayefuata. Ukimuuliza kwa upole, milango imefungwa, udogo wake ulikuwaje, mara nyengine hajibu. Mara nyengine analia, na anasema hakuna aliyepata kumuuliza.

Na hapa lazima niseme la muhali, hata kama sheha atanitazama vibaya. Mtendaji ni ami yake mtoto, au jirani, au mwalimu. Wakubwa wanakaa barazani, wanasameheana, mtoto anapelekwa Unguja kwa shangazi yake, kesi imekwisha. Kwa wakubwa imekwisha. Mtoto amejifunza kwamba watu wazima walijua na wakamchagua mwengine. Tunajua kwamba mtoto aliyesema akaaminiwa na kulindwa hupona vizuri zaidi kuliko aliyesema akanyamazishwa. Kwa hiyo maamuzi yale ya barazani yanaingia mpaka kwenye damu ya mtu. Wengine wananijibu kwamba dini imetuamrisha kusitiriana. Sawa, basi asitiriwe mtoto: jina lake lisitajwe sokoni, asiulizwe mbele za watu. Aliyemharibu anapelekwa kwa hakimu.

Asitoke mtu hapa akidhani keshahukumiwa. Hatari kubwa si hukumu. Wapo waliopitia makubwa na afya zao ni nzuri, na mara nyingi utakuta palikuwa na bibi, au mwalimu, au mtu mzima mmoja aliyekuwa upande wao. Msende nyumbani mkayahesabu yale maswali ya Felitti na Anda mkajipa alama vilevile. Anda mwenyewe, pamoja na wenzake, waliandika mwaka 2020 kuonya kwamba hesabu ile ni ya kuangalia jamii, haifai kumpimia mtu mmoja mmoja.

Mtoto akidhalilishwa, msimuogeshe na msifue nguo zake. Mpelekeni kituo cha Mkono kwa Mkono, Chake Chake kipo spitali, na Unguja kipo Mnazi Mmoja. Daktari, polisi na mshauri mnawakuta pamoja. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, kwa hiyo kikao cha ukoo kingoje. Ukishindwa pa kuanzia, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo.

Kwa wakubwa wenzangu ambao yameshapita miaka thelathini: dawa za presha msiziache, zinafanya kazi yake. Ila siku ya kliniki mwambie tabibu unataka kuzungumza naye faragha. Huna haja ya kuhadithia yote. Sema tu kwamba utotoni kuna jambo lilikupata na bado linakusumbua, atakuunganisha na watu wa afya ya akili. Na kama tabibu huyo atakukata kauli, njoo Alhamisi, mimi nipo, muulize muuguzi wa mlangoni chumba cha presha.