Mmoja Kati ya Wanne, Kila Mimba

Mwangaluka! Asanteni. Ndugu matabibu na wauguzi mliofika hapa Tabora, leo sina mengi. Nataka tuzungumzie namba tunazowapa wagonjwa.

Baba na mama wamebeba kinasaba cha sikoseli, kila mmoja kimoja, wenyewe wazima kabisa. Mtoto wao wa kwanza amepimwa, anaumwa. Daktari anawaambia, "Kwenu ni mmoja kati ya wanne," anafunga faili, anaita mwingine. Kasema kweli tupu. Ila mama anatoka pale akihesabu vidole: mmoja keshaumwa, basi watatu wanaofuata ni wazima. Mimba ya pili inabebwa kwa imani hiyo.

Chukueni maharage. Kila mzazi anashika punje mbili, nyekundu na nyeupe. Mtoto anachukua moja kwa baba, moja kwa mama. Akiangukia nyekundu mbili, anaumwa. Kisha punje zinarudi mkononi kama zilivyokuwa, maana kila mimba inaanza upya. Mwacheni mama achague mwenyewe, kafumba macho, mara nyinginyingi. Nyekundu mbili zikimtokea mfululizo ataguna, na hapo mjue ameelewa. Tena baba naye ataona punje moja imetoka kwake. Mawifi mnawajua, walishahukumu zamani kwamba ugonjwa ni wa ukoo wa mama.

Kuna na ile namba inayotishia watu bure. Mwaka 1995 Waingereza walitangaziwa kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Maradufu ya ngapi? Kutoka kama mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2. Wengi wakaacha vidonge, na mwaka uliofuata utoaji mimba England na Wales ukapanda kwa takriban 13,000. Na mimba yenyewe huigandisha damu kuliko vidonge vile!

Halafu lile swali letu, "Umeelewa?" Nani atakujibu hapana? Atasema "Ndiyo, daktari," kwa adabu tu. Muulize hivi: "Mama, ukifika nyumbani utamwelezaje baba watoto?" Najua foleni inafika hadi nje, basi anzeni na wazazi wa sikoseli na wale wanaoanza dawa za presha.

Dada pale nyuma umenyoosha mkono muda mrefu. Karibu.