Jirani Aliyezidiwa na Wanyama Wake

Habari za jioni, ndugu zangu. Nilialikwa nije kuzungumzia magonjwa ya wanyama wa nyumbani, na karatasi zangu za minyoo na viroboto ninazo hapa mkobani. Lakini wiki iliyopita mmoja wa waandaaji alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ugonjwa wa aibu: "Daktari, jirani yangu ana paka wengi mno na hawezi tena kuwatunza. Tufanyeje?" Basi minyoo itasubiri.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa upande wako wa ukuta, jawabu ni jepesi: si awapunguze tu! Nami nilikuwa nikisema hivyohivyo, mpaka nilipoanza kuingia ndani ya nyumba hizo.

Tuanze na hesabu, maana wengi hudhani mtu huyu alikusanya wanyama kwa makusudi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 tu. Mimba yake ni siku 63 hadi 65 hivi, na anaweza kubeba nyingine hata kabla hajawaachisha watoto kunyonya. Sungura ndiyo usiseme: mimba ni kama siku 31, na akishazaa asubuhi anaweza kupandwa siku hiyohiyo. Sasa chukua mtu mwenye paka watatu, afiwe na mwenzake, au avunjike nyonga, au apoteze kazi. Miezi sita ya kutoangalia inatosha. Anapoinua kichwa, wanyama wamemzidi idadi na nguvu, na watu wa kumtembelea wamepungua kwa sababu ya harufu.

Marekani kuna daktari wa mifugo, Gary Patronek, aliyechapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 1999. Yeye na wenzake baadaye waliwagawa watu hawa makundi matatu: mlezi aliyelemewa, mwokoaji asiyeweza kumkataa mnyama yeyote, na mnyonyaji ambaye hana huruma na mnyama wala mtu. Leo ninamzungumzia yule wa kwanza tu. Huyu anajua kuna tatizo, ingawa atakuambia ni dogo, na ukimwendea vizuri anapokea mkono. Wale wengine wawili wanahitaji wataalamu na sheria, hawahitaji jirani mwenye ndoo.

Kumwendea vizuri ni nini? Nitawaambia nilivyomwendea mtu vibaya. Palikuwa na mzee mmoja, jirani wa pili kutoka kwangu. Siku ya kwanza aliponifungulia mlango, amonia ya mikojo ilinipiga machoni, na kabla sijasema shikamoo tayari nilikuwa nimevuta leso puani. Mimi, daktari! Mzee aliiangalia ile leso. Hakuiangalia sura yangu, aliiangalia leso. Akasema, "Leo nina kazi kidogo, mwanangu," akafunga. Miezi mitatu mlango ule haukufunguka tena kwangu.

Pua ya binadamu huzoea. Ukikaa kwenye harufu siku nzima, unaacha kuisikia, hivyo mzee hakuwa na habari jinsi nyumba yake inavyonuka. Ile leso ndiyo iliyomwambia, na hakuna aibu kubwa kuliko kuambiwa hivyo na mtoto wa jirani. Kwa hiyo vumilia dakika kumi. Ukishindwa, mwombe mkazungumzie nje.

Jambo jingine: usimuulize "nikusaidie nini?" Ni swali la adabu, lakini aliyezidiwa hana nafasi kichwani ya kukuchagulia kazi. Atasema "hapana, nashukuru," na utarudi kwako ukijiona umetimiza wajibu. Mwambie kazi yenyewe, na siku yake. "Mama, Jumamosi asubuhi nitakuja kubeba maji." Basi. Na Jumamosi uende. Na Jumamosi inayofuata.

Nimetaja maji kwa sababu huko ndiko ninakoanza karibu kila mara. Ng'ombe anayekamuliwa, wakati wa joto, anaweza kunywa lita 100 kwa siku. Kwa ndoo ya lita 20 hizo ni safari tano, kwa ng'ombe mmoja. Mweke hapo mama mwenye mgongo mbovu: atabeba mbili, atapumzika, jua litazama. Ng'ombe atakula kidogo kwa sababu ya kiu, maziwa yatashuka, na watu watasema mama yule ni mvivu au hana mapenzi na mifugo. Kumbe kilichopungua ni safari tatu za ndoo. Bomba la mpira lililofika hadi kwenye hori limewahi kutatua kile ambacho vikao vitatu vya ukoo vilishindwa.

Chakula nako kuna hatari, na hapa naomba wenye huruma nyingi mnisikilize. Mnyama aliyekonda kwa njaa ukimwagia lundo la chakula unaweza kumuua. Mbuzi au ng'ombe akipewa nafaka nyingi ghafla, tumbo lake la kwanza hujaa asidi, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpe majani makavu kwanza, nafaka ije polepole kwa siku nyingi. Mbwa au paka aliyedhoofu sana apewe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na daktari wake ajue. Tena msiwape dawa zenu za maumivu: parasetamoli humuua paka, hata kidonge kimoja.

Utajuaje amekonda wakati manyoya yamemfunika? Kunja ngumi, upitishe kidole juu ya vifundo. Mbavu zikiwa hivyo mkononi, amekonda. Sasa nyoosha kiganja, papasa mgongo wa mkono, pale unapoihisi mifupa chini ya ngozi laini. Mbavu za mbwa au paka mwenye afya zinafanana na hapo. Naona mnapapasana, haya, endeleeni.

Baada ya maji na chakula, hesabu. Chukueni daftari mpite pamoja, yeye akitaja majina na wewe ukiandika: dume au jike, mkubwa au mdogo, ana mimba au hana. Andika jina analoliita yeye, hata kama paka anaitwa Bibi Harusi. Na siku hiyohiyo tenganisheni madume na majike, hata kwa mlango tu. Nyumba ikifurika unafunga bomba kwanza, kudeki baadaye. Kuhasi kutafuata, ila kumbukeni dume aliyehasiwa leo bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mlango ubaki umefungwa.

Kuwatafutia wengine makao kunakuja mwisho, na mwenye wanyama ndiye achague wa kubaki. Ukiwabeba wote kwa siku moja utaiacha nyumba kimya, na wengi huanza kukusanya upya. Utakayemchukua wewe, mtenge na wanyama wako kwanza, wiki mbili.

Ukiumwa na mnyama, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyo.

Ndiyo, mama pale nyuma? ... Anauliza, akikataa kabisa, na wanyama wanateseka? Basi toa taarifa kwa wahusika. Nasema hivyo bila kusita. Ukimwona mnyama asiyeweza kusimama, au vidonda vyenye funza, usimsubiri mtu akuzoee. Lakini ukishatoa taarifa, rudi. Siku maafisa wanapoondoka ndiyo siku anayohitaji jirani.

Na yule mzee? Baada ya ile miezi mitatu alikuja mwenyewe getini kwangu jioni, ana mtoto wa paka ndani ya koti, macho yamegandana kwa usaha. Nilimsafisha pale pale kibarazani kwa pamba na maji ya uvuguvugu, yeye akishika taa. Hatukuzungumza habari za leso. Jumamosi nikaenda na daftari. Alikuwa ameniambia ana paka 11, tulihesabu 23, naye akakaa kwenye kiti akasema, "Kumbe."

Daftari analo yeye hadi leo. Juzi alinionyesha ukurasa mpya, mwandiko wake: "Paka 7. Wote wamehasiwa. Bibi Harusi anakohoa, daktari aje." Nikaenda.