Tusihame na Picha Tukaacha Maneno: Mhadhara wa Kuwaaga Wapiga Picha Wenzangu

Ndugu wapiga picha wenzangu, wazee wetu mliotoka Sengerema, Magu na Ukerewe, na vijana wa hapa Mwanza mjini, nawashukuru kwa kufika. Wengi wetu tumefahamiana kwa picha na maoni ya mtandaoni kwa miaka mingi, na leo tunapeana mikono kwa mara ya kwanza tukiwa tunaagana. Sababu za kufungwa kwa jumuiya yetu ya mtandaoni, tulikokuwa tukiweka picha na kuzijadili, mnazijua, sitazirudia. Nitasema lile ambalo nimelisema mara nyingi, na nitalisema tena kwa sababu siku zilizobaki ni chache: tunahama na picha, lakini maneno yaliyoandikwa chini ya picha tunayaacha yafutwe.

Kila ninayemuuliza hunijibu kwamba ameshapakua picha zake zote. Amepakua nini hasa? Mitandao mingi huipunguza picha inapopakiwa, na mara nyingi huondoa taarifa ambazo kamera iliziandika ndani ya faili, yaani tarehe, saa na mahali. Kinachobaki mkononi ni nakala ndogo isiyojulikana ilipigwa lini wala wapi. Yote yaliyokuwa yanajulikana kuhusu picha hiyo yamo katika maoni ya wenzake, na hayo hakuyagusa.

Chukueni ile picha ya kivuko cha Kigongo ambayo wengi wenu mnaikumbuka. Mwenzetu mmoja aliiweka bila maelezo yoyote: foleni ya mabasi na malori, akina mama wenye mabeseni ya samaki, na kivuko kikiwa katikati ya maji kikielekea Busisi, upande wa pili wa ghuba ya Ziwa Victoria. Tulianza kwa kusifia mwanga. Kisha akaingia mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye vivuko, akaeleza kwa nini foleni ilikuwa ndefu kiasi kile, jinsi magari yalivyopangwa kwa uzito ili chombo kisilale upande mmoja, na nani alipewa nafasi ya kwanza. Muuguzi mmoja akatuonyesha gari la wagonjwa lililofichwa nyuma ya lori, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliona, akatueleza ilivyokuwa kumsubiri mama mjamzito upande wa pili usiku wakati kivuko kimesimama. Mwingine akasema picha ni ya mwaka 2018. Akapingwa na kijana aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha palepale: tazameni maji, alisema, yamefunika mahali tulipokuwa tunasimama, na hilo lilitokea ziwa lilipofurika mwaka 2020. Mjadala ukaendelea kwa siku kadhaa, na ulipokwisha tulikuwa na maelezo ya kivuko cha Kigongo ambayo sijayaona yameandikwa mahali pengine popote.

Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la John Pombe Magufuli, linalounganisha Kigongo na Busisi, likafunguliwa, takribani kilomita 3 juu ya maji, na safari iliyokuwa ikila saa nzima au zaidi pamoja na kusubiri ikawa ya dakika chache. Nalishangilia daraja hilo kama kila mtu wa Kanda ya Ziwa. Lakini foleni ile haitapigwa picha tena, na mtoto anayezaliwa Sengerema leo hataelewa kwa nini watu wale walisimama juani. Picha ipo, nanyi mmeipakua. Maneno ya mzee, ya muuguzi na ya muuza mayai, nani ameyanakili? Nimeuliza wiki nzima, na hakuna aliyenijibu.

Najua kuna wanaoamini kwamba picha nzuri hujieleza yenyewe. Siyo kweli, na inanichosha kusikia wapiga picha wazoefu wakisema hivyo. Nani asiyejua habari anaweza kutazama msururu wa taa juu ya ziwa usiku na kutambua kwamba ni wavuvi wa dagaa, kwamba hutoka usiku wa giza kwa sababu mbalamwezi hushindana na taa zao, na kwamba taa hizo nyeupe za sola zimechukua mahali pa karabai? Tuliyajua hayo kwa sababu mvuvi wa Igombe alituandikia.

Wengine wanasema tuhamie tu kwenye mtandao mkubwa usioweza kufa. Google+, mtandao wa kijamii, ilikuwa ya kampuni kubwa sana, Google, na wapiga picha waliipenda sana, lakini ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019 na picha zilizokuwamo zikafutwa. Flickr, mtandao wa kuweka picha, ilitangaza mwaka 2018 kwamba asiyelipa atabaki na picha 1,000 tu. DPReview, tovuti ya kamera na mijadala ya wapiga picha iliyoanza mwaka 1998, ilitangaziwa kufungwa Machi 2023, wasomaji wakahangaika kunakili mijadala yao, kisha ikapata mnunuzi Juni mwaka huohuo. Sisi hatuna mnunuzi.

Nilikusudia kuzungumzia pia ridhaa ya watu tuliowapiga picha, hasa watoto wa soko la samaki la Mwaloni, lakini naona mwenyekiti ananitazama. Nitasema hili tu: picha ambayo mwenyewe aliomba iondolewe, msiihamishe. Kuhusu kuchapisha kwenye karatasi, chapisheni zile chache mnazozijali zaidi, na nyuma yake mwandike majina kwa penseli. Nywila za hifadhi mpya zisikae kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo chakula kikiisha msiondoke. Kompyuta tatu ziko pale mlangoni, na vijana wataunakili kila mjadala katika faili moja na picha yake, nakala moja ibaki hapa mjini na nyingine iende kwa wenzetu wa Nansio, kisiwani Ukerewe. Tutaanza na picha za Ukerewe, kwa sababu mzee anayewafahamu watu waliomo anarudi kisiwani kesho asubuhi. Mwenye picha asiyoijua ni ya nani aje nayo sasa.