Chuma, Susi na Mtumba wa Kasekera

Waheshimiwa wageni, walimu wenzangu na wanafunzi,

Maiti ya David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ilipofika Bagamoyo, Februari 1874, ilikuwa imebebwa kwa miguu kwa takriban miezi tisa. Jioni hii naomba tuwaangalie walioifikisha, hasa Chuma na Susi, ambao vitabu vingi huwaita watumishi waaminifu na kuishia hapo, ilhali kwa maoni yangu walikuwa viongozi wa msafara kwa maana kamili ya neno hilo.

James Chuma alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akakombolewa kutoka katika msafara wa watumwa mwaka 1861, kisha akasomeshwa Bombay. Abdullah Susi alitoka Shupanga, ukingoni mwa Mto Zambezi. Wote wawili walifuatana na Livingstone tangu mwaka 1866, nao walikuwa naye hadi alipofariki.

Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873, wangeweza kumzika na kurudi pwani bila lawama. Walishauriana, wakaamua vingine. Moyo waliuzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyesoma India, akasoma sala za maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani kwa muda wa wiki mbili, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, ndipo wakaanza safari.

Oktoba walikutana Tabora na Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye aliwashauri wamzike palepale. Walikataa. Tafadhalini mpime uzito wa jibu hilo, kwa kuwa aliyewaajiri alikwisha kufa na hapakuwa na mkataba wowote uliowalazimu kuendelea.

Huko mbele, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipitishwe katika nchi yao. Viongozi wakatangaza kwamba wanairudisha Tabora ikazikwe. Wakafunga mabua ya mtama kwa nguo mfano wa maiti, wakawapa watu sita wayabebe kwa heshima zote, nao wakaenda hadi porini, wakayatawanya usiku na kurejea kwa siri. Maiti yenyewe ilifungwa upya ikafanana na mtumba wa merikani, yaani kitambaa cha pamba, ikapita machoni pa watu kama bidhaa nyingine yoyote.

Kilichofuata kinaniuma hadi leo. Maziko yalifanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, na kati ya wote walioubeba mwili huo ni Wainwright peke yake aliyekuwapo. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, wakamsaidia Horace Waller, rafiki wa Livingstone, kuhariri shajara za mwisho za marehemu.

Mwaka 1879 Keith Johnston, mkuu wa msafara mwingine wa upelelezi, alifia Behobeho, akamwachia uongozi Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Chuma ndiye aliyekuwa msimamizi wa wapagazi, nao wakafika maziwa ya Nyasa na Tanganyika, wakarudi pwani. Alifariki Unguja mwaka 1882. Susi, aliyekwenda Kongo pamoja na mpelelezi Stanley, alifariki hukohuko Unguja mwaka 1891.