Bango la Sekunde Sita

Ndugu zangu wabunifu, tuanze na hesabu. Gari la mwendo wa kilomita 60 kwa saa linakata karibu mita 17 kila sekunde. Bango likionekana kuanzia mita 100, dereva ana sekunde 6, na humo humo anaikwepa bodaboda. Maneno saba yanamtosha.

Mteja wenu je? Anatumiwa mchoro kwa WhatsApp, anaigeuza simu ikae kwa upana, anaishika sentimita 30 kutoka machoni. Hapo bango la upana wa mita 6 linamjaa macho mara nane kuliko litakavyomjaa dereva aliye mita 100. Lazima aone pengo! Ndipo anasema: weka namba ya simu, weka matawi, weka na picha ya mkurugenzi. Si mbishi huyo. Mmemwonyesha kitu kingine.

Chapisheni mchoro huo kwa upana wa sentimita 18, mbandike ukutani, mteja asimame mita 3. Sasa anaona kama dereva. Namba ya simu ambayo kwenye bango ingekuwa na kimo cha sentimita 10, kwenye karatasi ni milimita 3. Mwombeni aisome, kisha nyamazeni.

(Kanga inalijua hili zamani: ina pindo na mji, lakini jina, yaani maneno yake, ni sentensi moja, linasomeka mvaaji akipita.)

Maoni yatakayobaki yaje kwenye karatasi moja, kutoka kwa mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusaini. Yakitoka kwa watu watano wa kundi la WhatsApp yatapingana, na anayeyatimiza yote ataharibu kazi. Tahajia, bei na namba zilizokosewa zirekebisheni bila mjadala. Mengine yaulizieni: ni kitu gani hakionekani? "Kuza nembo", kwa mfano, mara nyingi maana yake nembo imezongwa. Ondoeni majirani zake kwanza, acheni kando yake nafasi tupu isiyopungua nusu ya kimo chake, ndipo mpime kama bado inahitaji kukua.

Na kwenye makadirio ya bei andikeni mapema: mizunguko miwili ya marekebisho imo, wa tatu unalipiwa. Orodha ya matawi ipelekeni kwenye kipeperushi cha A5, ambacho mtu anakisoma akiwa amekishika.