Msiwatoe Mabinti Uwanjani Wakifika Miaka 13

Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Nimeombwa nizungumzie kazi ya mchezaji wa kike wa mpira wa Australia: anaingiaje kwenye ligi, analipwaje, anaumiaje, anastaafu vipi. Karatasi ya mwenyekiti ina vipengele saba. Nasema mapema kwamba hatutavifikia vyote saba. Wanaonijua wanajua nitaanzia wapi, na kuna baba mmoja pale mbele ameshaanza kucheka. Naam, baba, nitamtaja Erin Phillips tena. Nivumilie.

Kanuni za mchezo sitazieleza. Mmekaa Melbourne miaka mingi, watoto wenu wameshaleta nyumbani ule mpira wenye umbo la yai na wameshavunja nao kitu sebuleni. Twende moja kwa moja Adelaide.

Erin alizaliwa mwaka 1985. Baba yake, Greg Phillips, ni gwiji wa klabu ya Port Adelaide, kwa hiyo mtoto alikua akiuona mpira mezani, uani na kwenye mazungumzo ya kila jioni. Akacheza na wavulana, tena vizuri. Akafika miaka 13. Kanuni ya wakati ule ilisema msichana wa umri huo hana ruhusa tena ya kucheza na wavulana, na timu ya wasichana ya kumpokea haikuwepo. Msimu mmoja ni mchezaji, msimu unaofuata amekaa pembeni anatazama. Hakuwa ameumia, hakuwa ameshindwa, wala hakuwa amechoka. Alifikisha umri, basi.

Akahamia mpira wa kikapu. Na huko sijui niseme nini, maana orodha ni ndefu: bingwa wa dunia na timu ya taifa ya Australia mwaka 2006, medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, ubingwa wa ligi ya wanawake ya Marekani akiwa na Indiana Fever mwaka 2012, kisha tena akiwa na Phoenix Mercury mwaka 2014, na Olimpiki ya Rio mwaka 2016.

Hapa huwa kuna mtu anainua mkono. Naona leo bado, lakini yuko, namjua kwa uso. Anasema: "Mwalimu, si ndiyo bora? Wangemwacha kwenye mpira asingefika Olimpiki." Ndugu yangu, huyo ni Erin. Mtu mwenye kipaji cha kuibeba michezo miwili mgongoni anaokoka popote utakapomtupa. Mimi nakuuliza habari za wale wasichana wengine waliotolewa uwanjani mwaka uleule, katika jimbo lilelile, ambao hawakuwa na urefu wa mpira wa kikapu, wala mzazi wa kuwaendesha mazoezini alfajiri. Nitajie mmoja. Huwezi, na mimi siwezi. Hawakucheza, kwa hiyo hakuna aliyeandika majina yao.

Sasa njooni 2017. Tarehe 3 Februari, Carlton na Collingwood wanafungua ligi ya kwanza ya taifa ya wanawake, AFLW, pale Princes Park. Watu 24,568 wameingia, milango imefungwa, wengine wamebaki nje barabarani. Mkuu wa AFL, ligi kuu ya mpira huu, wa wakati huo, Gillon McLachlan, ilibidi atoke nje awaombe radhi waliokosa nafasi. Miaka yote tumeambiwa hakuna atakayekwenda kutazama wanawake, halafu usiku wa kwanza tu tatizo likawa viti.

Erin alikuwa na miaka 31, mzazi wa mapacha wachanga, na hakuwa amecheza mashindano ya mpira huu tangu utotoni. Miaka 18! Kitu kingine: Port Adelaide haikuwa na timu ya wanawake wakati huo, kwa hiyo binti wa gwiji wa Port akavaa jezi ya Adelaide Crows, mahasimu. Wale wa Dar mnielewe: mtoto wa nahodha wa Simba anakwenda kuchezea Yanga, na baba yuko jukwaani anapiga makofi. (Kicheko.)

Fainali ilichezwa tarehe 25 Machi, Gold Coast, dhidi ya Brisbane Lions. Crows walishinda 35 kwa 29. Wengi husoma matokeo hayo na kupita, lakini tazameni kilicho ndani yake. Timu zote mbili zilifunga magoli manne, na goli moja ni pointi sita: ishirini na nne kwa ishirini na nne. Kilichowatenganisha ni zile pointi mojamoja za mpira uliopita pembeni: Crows 11, Brisbane 5. Maana yake Crows walifika langoni mara nyingi zaidi, wakakosa mara nyingi zaidi, na kule kukosa ndiko kulikowapa kombe. Wasichana wangu huwa nawaambia wapige tu, waache kuogopa kukosa, halafu nawaonyesha karatasi ya mechi hii. Erin akawa mchezaji bora wa fainali, na akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Mwaka wa kwanza!

Mwaka 2019 akarudia yote mawili. Ile fainali ya Adelaide Oval, dhidi ya Carlton, ilikuwa na watu 53,034. Najua, najua, kiingilio kilikuwa bure. Kila nikitaja idadi hiyo mtu ananikumbusha kiingilio. Bwana, harusi zetu pia ni bure, na bado kuna ndugu zako wasiokuja. Crows walishinda 63 kwa 18. Lakini robo ya tatu Erin alianguka, hakuna aliyemgusa kwa ubaya, goti likaenda. Kano ya mbele ya goti ilikatika. Alipokuwa anatolewa kwenye machela uwanja mzima ulisimama, na wachezaji wa Carlton, ambao mechi ilikuwa inawaponyoka, walikuwa miongoni mwa waliompigia makofi. Alirudi kucheza. Mwaka 2022 akachukua ubingwa wa tatu na Crows, kisha Port Adelaide wakaanzisha timu, na binti akarudi nyumbani kuwa nahodha wao wa kwanza. Akastaafu baada ya msimu wa 2023.

Hesabu yangu ni hii, na ndiyo iliyonileta. Misimu ile yote aliyoicheza ipo baada ya miaka 31, umri ambao wachezaji wengi wanaanza kufikiria kustaafu. Tulipewa mkia tu, mnyama mzima hatukumwona.

Mtasema hayo ni ya zamani na kanuni zimebadilika. Zimebadilika, ndiyo, lakini ulizeni nani alizibadilisha. Hapahapa Victoria, mwaka 2003, wasichana watatu walizuiwa kuendelea kucheza na wavulana: Penny Cula-Reid, Emily Stayner na Helen Taylor. Wakaenda kwenye baraza la jimbo linaloamua mashauri ya namna hiyo. Watoto wa shule, dhidi ya chama cha mpira! Uamuzi wa 2004 ulisogeza mbele umri wa kucheza pamoja, na baada ya hapo mashindano ya wasichana wa umri wa kati yakaanzishwa. Penny mwenyewe alikuja kuichezea Collingwood mwaka 2017. Mlango ambao binti yako anaupita leo akienda mazoezini Jumatano uliwekwa na watoto hao. Siku hizi kuna Auskick, mafunzo ya mpira huu kwa wadogo, kuna timu za wasichana za kila umri, kuna ligi ya jimbo, kuna drafti, yaani zamu ya klabu kuchagua wachezaji wapya, na klabu zote 18 zina timu ya AFLW.

Basi nani anawatoa mabinti uwanjani wakifika miaka 13? Mimi ni kocha, naona daftari la mahudhurio. Kanuni haiwatoi tena. Tunawatoa sisi. Binti ameingia sekondari, mama anasema sasa umekuwa mkubwa, nyumbani kuna kazi. Baba anasema watu watasemaje. Kaka yake wa miaka 15 anaendelea kucheza, na kiatu kipya amenunuliwa.

Hilo la watu watasemaje nalijua. Mnaikumbuka picha ya Tayla Harris wa Carlton, Machi 2019, mguu uko juu kabisa baada ya kupiga mpira? Picha ya mwanariadha kazini. Ikawekwa mtandaoni, wanaume wakaandika uchafu, na waliokuwa wameiweka wakafanya jambo la ajabu: waliondoa picha na kuwaacha wenye uchafu wao. Baada ya kelele wakairudisha. Miezi michache baadaye sanamu yake ikawekwa Federation Square. Kwa hiyo watu watasema, ndiyo. Walishasema. Sasa binti yako akitukanwa, dawa ni kumfungia yeye ndani?

Mama mmoja aliniambia mpira huu ni wa Wazungu, hakuna wa kwetu. Nikamtajia Akec Makur Chuot. Alizaliwa Sudan Kusini, akaishi kambi ya Kakuma, Kenya, kisha familia ikahamia Perth. Humu ukumbini wako waliopita Kakuma, wanajua vumbi ninalolisema. Alicheza Fremantle katika msimu wa kwanza kabisa wa 2017. Fremantle walipomwacha alihamia huku Melbourne, akacheza ligi ya jimbo, akarudi AFLW na Richmond, kisha Hawthorn. Kwangu hapo kwenye kuachwa na kurudi ndipo penye somo la kazi hii, kwa sababu wengi hawaingii kwa drafti na zulia jekundu. Wanaachwa, wanakwenda chini, wanapanda tena. Ningependa kulizungumza hilo saa nzima, lakini naona mwenyekiti ameshika saa yake.

Haya, pesa, kwa haraka, maana kina baba ndiyo mnaisubiri. Mwaka 2017 mchezaji wa kawaida alilipwa dola 8,500 kwa msimu, na wa daraja la juu kabisa dola 27,000. Hiyo haikulipi pango la nyumba mji huu. Daisy Pearce, nahodha wa Melbourne, alikuwa mkunga. Wengine walikuwa walimu, polisi, mafundi, na mazoezi yalikuwa jioni baada ya kazi. Mwaka 2022 kima cha chini kilipanda hadi dola 39,184 na cha juu hadi 71,935. Makubaliano ya 2023 yaliwapa wachezaji mikataba ya miezi 12, na wastani wa malipo ufike dola 82,000 mwaka 2027. Bado ni kidogo sana ukilinganisha na wanaume, na msimu wao ni mfupi. Anayetaka tajiri wa haraka katika familia aelekee kwingine. Lakini nafasi ya kuwa na taaluma nyingine ipo, kama hao wakunga na walimu.

Uzazi: Daisy alipata mapacha mwaka 2019, akakosa msimu ule, akarudi 2020, akachukua ubingwa Novemba 2022, na sasa ni kocha mkuu wa timu ya wanawake ya West Coast. Kwa hiyo wale wanaosema mpira utamzuia binti kuzaa, mmenielewa.

Magoti. Hili ni la kweli na sitalificha. Wanawake wanakatika ile kano ya goti mara nyingi kuliko wanaume. Nina Morrison alichaguliwa wa kwanza katika drafti ya 2018 na Geelong, akacheza mechi yake ya kwanza, na siku chache baadaye goti likakatika mazoezini. Kuna mazoezi ya kutua, ya kugeuka na ya kuimarisha paja yanayopunguza hatari, na yanafaa zaidi yakianza mapema. Mapema ni lini? Miaka 12, 13, 14. Ndio umri mnaowatoa! Halafu anarudi akiwa na miaka 19, mwili umekua, hajui kutua, anavunjika, mnaniambia si tulisema.

Ya mawakala, drafti na karatasi za mkataba sitayafikia, mwenyekiti ameshasimama. Usajili wa timu ya wasichana uko kwenye meza pale mlangoni. Mama mwenye kitenge cha bluu, mkono umeuinua tangu nilipotaja machela. Mpeni kipaza sauti, aanze yeye.