Mtani wangu wa Monduli

Habari za nyumbani, ndugu zangu. Shikamooni wakubwa wote mnaonitazama. Leo siwatembezi mjini wala sizungumzii kodi za nyumba. Nimetoka zamu ya usiku, nimekaa ndani ya gari hapa Houston, jua ndiyo kwanza linachomoza na joto limeshaanza. Huko kwenu ni saa nane na ushee mchana, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Nataka niwasimulie habari za rafiki yangu.

Jina lake sitalitaja, msiba ni wa familia yake. Tumwite Mtani, maana ndivyo nilivyomwita miaka yote.

Tulikutana mwaka 2007, Monduli, chuo cha maafisa wa jeshi. Anayeijua Monduli ya mwezi wa saba anaijua baridi yake. Upepo unashuka mlimani alfajiri, firimbi inalia, unatoka hangani na bukta na fulana kwenda mchakamchaka, meno yanagongana. Jua likitoka na mawingu yakikubali, Mlima Meru unauona wote upande wa mashariki, na kwa dakika moja unasahau kwamba umechoka.

Tulipangiwa dabodeka moja, yeye juu, mimi chini. Usiku wa kwanza nikasikia sauti gizani: "Wewe wa chini, kabila gani?" Nikamwambia Mhehe, wa Iringa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi jeshi limenipa mtumwa bure." Alikuwa Mngoni wa Songea.

Vijana mliokulia mjini, mkisikia utani mnadhani ni vichekesho tu. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882, hakuna aliyemmaliza mwenzake, wakapatana. Utani wetu umetoka kwenye damu ile. Mtani anakutukana mbele ya mkweo na huna ruhusa ya kukasirika. Mtani wako akifariki, wewe ndiye unayeingia msibani na kelele, unatembea kama yeye, unaongea kama yeye, unakaa kaburini na jembe mkononi na kukataa kutoka mpaka wakulipe ndipo mwili ushushwe. Wafiwa wanalia, na katikati ya kilio wanajikuta wanacheka. Ile ni kazi. Kuna watu wamewekwa kwa ajili yake, na kwake yeye niliwekwa mimi.

Ugomvi wetu pale hangani ulikuwa wa mashujaa. Nikimtajia chifu wetu Mkwawa na vita vya Lugalo, Agosti 17, 1891, kamanda Mjerumani Zelewski na askari wake walivyopigwa, ananijibu kwa jemadari wao, nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji. "Wako ana kambi," ananiambia, "wangu ana mji mzima." Miaka ya baadaye alipopangiwa kambi ya Lugalo, Dar, nilimpigia simu usiku kumkumbusha kwamba sasa analala kwa jina la kijiji cha kwetu. Alicheka mpaka akakohoa.

Mimi sikumaliza mafunzo. Goti la kulia niliumia mpirani nikiwa sekondari, na mwezi wa nne likafura, nikawa kwata naifanya kwa kuuma midomo. Sikumwambia mtu, lakini anayelala juu yako husikia unavyogeuka usiku. Wiki mbili nzima nikiamka nakuta buti zangu zimepigwa kiwi, zinang'aa, na yeye ameshatandika kitanda chake. Afisa mwanafunzi hapewi usingizi wa kutosha, ndugu zangu. Ule mdogo aliopewa, yeye aliugawa. Hakuwahi kusema lolote juu ya buti zile, na nilipotaka kumshukuru aliniambia mtumwa hashukuru.

Daktari alisema basi, nikarudi nyumbani. Ndani ya basi, tumeshapita Dodoma, nikafungua sanduku langu la bati kutafuta sweta. Ndani ya soksi kulikuwa na shilingi elfu ishirini na kikaratasi: "Nauli ya mtumwa." Nililia pale, mbele za watu.

Yeye alitunukiwa kamisheni, akawa Luteni Usu, na akapanda. Mwaka 2013 alikwenda Congo na ile brigedi ya Umoja wa Mataifa ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake wa kwanza akiwa wa kwetu, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Ya mapigano hakunisimulia kamwe. Alinisimulia mama muuza sambaza wa Goma, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, aliyemwambia "aksanti" na kumwongezea fungu kwa sababu ni Mtanzania. Hilo alilirudia mara nyingi, kila mara kwa furaha ileile.

Mwaka jana alifariki, kwa maradhi, kitandani. Ujumbe uliniingia saa nane usiku, nikiwa kazini. Makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa bado, ningetoka nchi hii nisingerudi, na watoto wangu wako hapa. Mazishi niliyaangalia kwenye simu. Niliona bendera juu ya jeneza, nikasikia tarumbeta, nikaona wenzetu wa Monduli wamenyooka kama siku ya gwaride. Kila kitu kilikwenda vizuri. Hilo ndilo lililoniuma. Hakuna aliyeingia kaburini kuwazuia. Mtani wangu alishushwa bila kusumbuliwa na mtu, na mtu wa kumsumbua nilikuwa mimi.

Nilikaa na jambo hili miezi mingi. Mwezi uliopita makaratasi yametoka, nikampigia mama yake Songea. Nilianza, "Shikamoo mama, nisamehe sikuja." Akaniuliza, "Wewe ni yule Mhehe?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mwanangu walimzika kimya sana. Tulikuwa tunaangalia njia." Kisha sauti ikabadilika, akawa mkali: "Na jembe umeliweka wapi, mtumwa?"

Nimekata tiketi ya Desemba. Nitashuka Dar, nitapita Iringa kumchukua mjomba wangu anayejua maneno yote ya utani ya zamani, tuteremke Njombe hadi Songea. Mama anasema kuna jogoo mwekundu anamfuga, na hakuna ruhusa ya kumchinja mpaka nifike nimdai.